Kibao nilikishusha Desemba

Jioni ya tarehe 27 Juni nilikuwa mezani nyumbani Lanet, nikijaza ritani ya ushuru ya mwaka jana. Nilihitaji vyeti vya ushuru wa zuio, ule ambao mteja hukukata kabla ya kukulipa, kutoka kwa wateja wangu wa zamani, nikaingia iTax, mtandao wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kuvitoa. Vya mwaka jana nilivijua vyote. Lakini juu kabisa ya orodha kulikuwa na kimoja cha Aprili mwaka huu: huduma za kitaaluma, shilingi 30,000, asilimia tano imekatwa, shilingi 1,500.

Kando ya kompyuta kulikuwa na barua niliyoiandika siku mbili kabla. Ilikuwa inaenda ICPAK, taasisi yetu ya wahasibu, nikiomba nihesabiwe miongoni mwa wastaafu. Aya ya pili ilisema: "Tangu tarehe 31 Desemba sijafanya kazi yoyote ya uhasibu kwa malipo." Niliisoma, nikaitazama ile 1,500, nikaisoma tena. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sikutia saini.

Nina miaka 62. Kwa miaka 27 nilikuwa na ofisi Kenyatta Avenue hapa Nakuru, orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina langu na herufi CPA(K), za mhasibu aliyefuzu, zile nilizozitolea jasho kwenye mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Desemba nilimwita fundi akakifungua, nikakifunga kwa gazeti, nikakileta nyumbani. Faili za wateja niliwapa wenyewe au wahasibu waliowachagua. Nilizotakiwa kubaki nazo ziko kwenye stoo, kwa kuwa sheria ya ushuru inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na mambo ya mteja hubaki siri hata baada ya wewe na yeye kuachana. Leseni ya mwaka ilipokwisha sikuiomba tena.

Wenzangu walioajiriwa serikalini hupewa tarehe na mwajiri. Ni miaka 60, tangu umri ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Barua inakuja, unakabidhi funguo, mnakata keki, kesho yake umestaafu na kila mtu anajua. Sisi tuliojiajiri hatuna wa kutuandikia barua hiyo. Mimi nilijitangazia ustaafu mwenyewe, kanisani, mbele ya wanangu na wajukuu, na niliuamini kwa moyo wote.

Januari haikuisha kabla hawajaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mama mweka hazina wa chama cha wanawake kule Free Area. Alikuja na kauntabuku yake na taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa saiba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Daftari lilisema hivi, simu ikasema vile, na tofauti ilikuwa shilingi 612. Wenzake walishaanza kumwangalia vibaya. Tulikaa chini ya mparachichi saa mbili. Pesa zilikuwa zimekwenda kwenye ada za kutuma. Yeye aliandika kiasi kilichomfikia mtu, hakuandika kile ambacho mtandao ulikata. Alilia, nami nusura nilie. Kesho yake alileta trei ya mayai.

Kisha mpwa wangu wa Kisumu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kondele, akawa ananipigia usiku akishafunga. Anataka kujua VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inamhusu lini. Namwambia mauzo yakifika milioni tano kwa mwaka lazima ajisajili, kwa hiyo afuate mauzo yake mwezi kwa mwezi asije akashtukizwa. Huyo halipi chochote, na siwezi kufikiria siku nitakayoacha kupokea simu yake.

Februari akaja mzee kutoka Molo. Namheshimu mno huyu. Ushirika wao ulikuwa wa pareto zamani, siku hizi ni viazi zaidi, nami niliwahi kuwakagulia hesabu kwa miaka mingi. Alinikuta nikilisha kuku. "Mama Auditor," akaniambia, "mkutano mkuu ni mwezi ujao, tupitishie macho tu hizi hesabu za kamati." Nikapitisha macho siku tatu. Nikamwandikia karatasi moja ya mambo ya kurekebisha. Alirudi na gunia la viazi kwenye pikipiki, akamsimamia kijana mpaka likaingia jikoni, akasema, "Hili ni la kazi."

Na Machi ikawa shule.

Ni shule binafsi, si mbali na mjini, na jina lake halihusiki hapa. Bursa wao, mtunza fedha wa shule, alikuwa amehama, na mwenye shule alitaka mtu mzima wa kuaminika aangalie makusanyo ya karo ya mwaka mzima kabla ya mkutano wa wazazi. Nilimwambia nimestaafu. Akasema, "Ndiyo maana nakuja kwako Madam, sasa una nafasi." Nilikaa pale wiki mbili. Nikalinganisha vitabu vya risiti na taarifa za benki, nikaona mapengo mawili ya risiti zilizoruka namba, nikaeleza yote kwa ripoti ya kurasa nne. Niliandika kwenye karatasi tupu isiyo na nembo. Muhuri sikugonga. Chini nikaweka jina na saini, kwa kuwa sijui kuandika kitu na kukiacha bila jina.

Bursa mpya akaomba ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki inayofika KRA, maana bila hiyo gharama haikubaliki kwa KRA. Nikaitengeneza kwenye simu. Palipoulizwa maelezo niliandika kwa vidole vyangu: huduma za kitaaluma. Pesa zikaja 28,500, nikanunua mabati ya banda.

Nilijiambia mambo mengi wiki zile. Kwamba ni kazi moja tu. Kwamba bila muhuri hiyo haiwi ukaguzi. Kwamba 30,000 ni kidogo ukilinganisha na nilichokuwa natoza. Mtu mwenye uzoefu wa miaka 27 anaweza kujijengea hoja nzuri sana, na hoja zangu zilikuwa nzuri.

Zilivunjika Mei, kwenye steji ya matatu. Jirani yangu ana mtoto katika shule ile. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili: "Asante sana Madam kwa kutuangalilia. Mwalimu mkuu alituambia hesabu zimekaguliwa na wewe. Akataja jina, watu wakapiga makofi. Tumekubali karo iongezwe na bweni lijengwe."

Matatu yangu iliondoka nikiwa bado nimesimama pale.

Mimi sikukagua hesabu za shule ile. Niliangalia karo iliyoingia, basi. Mikataba ya mkopo sikuiona. Madeni ya wauzaji wa chakula sikuyathibitisha. Mishahara sikuigusa. Sijui kama shule ile ina uwezo wa kujenga bweni au kibanda cha askari. Lakini mzazi anayeuza mboga Wakulima Market aliinua mkono kukubali kuongezewa karo kwa sababu alisikia jina langu. Yule mama hakuuliza kama ripoti ina muhuri. Hakuuliza kama leseni yangu ya mwaka huu ipo. Aliuliza ni nani aliyeangalia, akaambiwa, akaridhika.

Hata hivyo nilimaliza Mei na karibu Juni yote bila kufanya lolote. Nalisema hili kwa uchungu. Ilibidi nilione kwenye iTax, kwa tarakimu, ndipo niamke.

Usiku ule nilitoa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, ile iliyofuta sheria ya mwaka 1977 ambayo ndiyo iliizaa taasisi yetu mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya wengine. Sheria ile haitazami kama una ofisi au kibao, na umri wako hauuliziwi. Inatazama kama mtu, kwa ujira au manufaa mengine aliyopokea au atakayopokea, anakagua, anathibitisha au anaandaa hesabu, au anajitokeza mbele ya watu kama mwenye haki ya kufanya hivyo. Akiwa hivyo, anafanya kazi ya uhasibu wa umma, na anatakiwa awe na cheti na leseni. Mwajiriwa wa mshahara hahesabiwi hivyo kwa sababu tu ya kazi anayomfanyia mwajiri wake. Mimi sikuwa mwajiriwa wa yeyote.

Manufaa mengine. Nilifika kwenye maneno hayo nikainuka, nikaenda jikoni, nikaliangalia lile gunia. Lilikuwa limebaki robo.

Asubuhi nilimpigia binti aliyewahi kuwa karani wangu. Sasa ni CPA mwenye ofisi yake, na faili zangu nyingi ndiye aliyezipokea. Nilitaka mtu wa kunipinga.

"Madam, mayai nayo utayahesabu?" akaniuliza.

Tulizungumza karibu saa nzima juu ya mayai na viazi, na sioni aibu kusema hivyo, kwa maana katika miji yetu malipo mengi huja kwenye trei na magunia, na mhasibu asiyeyafikiria anajidanganya. Mwishowe nilikata shauri hivi. Mama wa chama ni jirani. Angeniletea mayai hata kama tusingeifungua ile kauntabuku, na nilichofanya ni kumfundisha kuisoma. Sikuandika ripoti, hakuna aliyeambiwa kwamba nimethibitisha lolote. Mzee wa Molo alisema kwa kinywa chake, hili ni la kazi. Alilipima sawasawa na kazi. Kwa hiyo viazi vile ni ujira, hata kama hakuna ankara duniani itakayoviandika.

Binti akaniambia jambo jingine ambalo nilikuwa nimelichanganya. Kuna maswali mawili, na watu wengi wa rika langu huyafanya moja. La kwanza ni la leseni: je, unafanya kazi ambayo sheria inataka uwe na leseni? La pili ni la ustaafu wenyewe: je, umeacha kweli kujipatia riziki kwa taaluma hii, kiasi cha kustahili ada ndogo na nafuu ya masomo ya kila mwaka, zile saa 40 tunazotakiwa kuzikusanya? Unaweza kujibu moja vizuri ukaanguka kwenye lingine. Nikienda kufundisha uhasibu chuoni kwa mshahara, sihitaji leseni ya kukagua, lakini siwezi kujiita mstaafu nikiwa nachukua mshahara kwa elimu hiyo hiyo. Nikiwapitishia kanisa hesabu bure, sijapata riziki, kwa hiyo naweza kubaki mstaafu. Lakini kama mchungaji atasimama Jumapili aseme zimethibitishwa na CPA, basi nimerudi pale pale kwenye steji ya matatu.

Nina rafiki tuliyesoma pamoja ambaye anaishi Marekani. Nilimwuliza kwao wanafanyaje. Kila jimbo lina kanuni zake, ila kuna sheria ya mfano ambayo bodi nyingi huifuata. Hiyo inamruhusu mhasibu aliyefikisha miaka 55, asiyetoa tena huduma kwa malipo, aendelee kutumia jina la CPA mradi aweke neno "mstaafu" ubavuni mwake. Anaweza kusaidia watu kujaza ritani bure, anaweza kukaa kwenye bodi ya shirika la hisani. Nililipenda hilo neno la ubavuni. Linamwambia mzazi kule kwenye mkutano jambo ambalo karatasi yangu tupu haikumwambia.

Kwa hiyo nilifanya nini. Nitaeleza kwa kirefu kidogo maana nimeulizwa na wenzangu wawili tangu jambo hili lisikike, na wote wana kazi kama zangu mikononi.

Kwanza nilikwenda shuleni. Nilimwomba mwenye shule tukae, nikamwambia nilifanya kazi ya malipo nikiwa sina leseni ya mwaka huu, kwamba kosa hilo ni langu, na kwamba ripoti yangu haikuwa ukaguzi. Nikaomba wazazi waambiwe hivyo kwa maandishi kabla ya mchango wowote wa bweni. Hakufurahi. Alisema nitamharibia jina. Nilimwambia jina linaloharibika ni langu, na afadhali liharibike sasa. Nikamrudishia 30,000 kamili. Zilizonifikia ni 28,500, zile 1,500 zilikuwa zimeshafika KRA kwa pini yangu, namba yangu ya mlipa ushuru, kwa hiyo niliongeza kutoka mfukoni, na mapato yenyewe nitayaeleza kwenye ritani ya mwaka huu pamoja na kwamba nimeyarudisha. Mabati yamebaki, nimeyalipia kwa mayai. Hesabu za shule sasa ziko kwa mkaguzi mwenye leseni, na barua kwa wazazi ilitoka wiki ya pili ya Julai. Jirani yangu aliniletea nakala yake. Alikuwa amenyamaza, na alinywa chai kwangu kimya, lakini alikuja.

Kwa mzee wa Molo nilituma shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Hazikumaliza dakika kumi akanipigia.

"Mama Auditor, kwa nini unanirudishia heshima yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwenye shule, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimweleza polepole. Kwamba ushirika ni wa watu wengi, na yeye akisimama mkutanoni na karatasi yangu, wakulima wataiamini. Siku mambo yakienda kombo wataulizana nani aliangalia, na itaonekana kwamba aliyeangalia hakuwa na ruhusa ya kuangalia, wala bima ya kuwafidia. Ile yangu ya taaluma niliiacha pamoja na ofisi. Alikaa kimya muda mrefu, nasikia ng'ombe nyuma yake. "Basi pesa hii itaingia kwenye ada ya mkaguzi," akasema. "Lakini viazi vya mavuno mapya nitakuletea, na hivyo ni vya kukusalimia tu." Nilimwambia vya salamu nitavipokea.

Kisha barua. Niliichana ile ya kwanza. Ya pili inasema kwamba kati ya Februari na Machi mwaka huu nilifanya kazi mbili za uhasibu kwa malipo bila leseni ya mwaka, moja kwa shilingi 30,000, nyingine kwa gunia la viazi, kwamba malipo yote nimeyarudisha, na kwamba nipo tayari kwa lolote ambalo taasisi itaamua. Binti aliposoma nakala alitaka nitoe mstari wa viazi. Alisema watacheka. Nimeuacha. Chini nimeomba ustaafu wangu uhesabiwe kuanzia tarehe 1 Julai, si Desemba. Desemba nilishusha kibao. Kazi niliiacha Julai.

Nimepeleka kwa posta, iliyosajiliwa, na risiti nimeiweka. Jibu bado.

Mpwa wangu anaendelea kupiga simu usiku. Mama wa Free Area naye huja Jumamosi, sasa na wenzake watatu wa vyama vingine. Tunakaa chini ya mparachichi. Nimejiwekea sharti moja: kalamu siishiki. Nauliza, wanatafuta. Jumamosi iliyopita tofauti ilikuwa shilingi 340, na mmoja wao, mama mdogo aliyeacha shule darasa la saba, aliipata kabla ya chai kuchemka. Alikuwa amelipa mchango wa mwenzake kwa simu yake na kusahau kuuandika. Akageuza kauntabuku kwangu, akanyoosha kalamu, akasema, "Sasa Madam tia saini hapa chini, wajue umeona."

Nikaigeuza kauntabuku ikamwelekea yeye. Alifikiri kidogo, akaandika jina lake, herufi moja moja.